Mtumbwi wa Kurudia

Fundi wa mitumbwi wa kijiji chetu alikuwa anaogea kibuyu. Hilo ndilo nililoliona kwanza kwake nilipoolewa kutoka Mboko na kuletwa kwenye nyumba iliyopakana na yake. Jioni kijiji kizima kilishuka ziwani, wanaume upande wa mawe, wanawake upande wa mchanga, na yeye aliyewachongea wote vyombo vya kukaa juu ya maji alibaki nyuma ya nyumba, akijimwagia maji aliyochotewa na mke wake. Nilimuuliza mama mkwe kama mzee yule ni mgonjwa.

"Apana, haiko mugonjwa," aliniambia. "Iko tu vile."

Kwetu mtu akishasemwa kwamba yuko tu vile, maswali yanakwisha. Nikajifunza kupitisha kuni zangu upande wa pili saa za kuoga kwake.

Ninamkumbuka leo nikiwa nimechoka, na pengine ndiyo sababu ninamkumbuka vizuri, maana naye alikuwa mtu wa kuchoka. Sikumkuta amepumzika hata siku moja, wala sikumsikia akisema amemaliza kazi. Alikuwa mrefu, mabega yamepindia mbele kwa ajili ya tezo, na goti moja lilikuwa na sugu kwa vile alivyolipiga chini kila alipochonga. Jina alikuwa nalo, lakini aliyelitumia ni polisi wa kodi peke yake. Sisi wengine tulimwita Fundi, na mke wake pia.

Watu wa sasa wakisikia habari za kijiji chetu cha zamani, kabla hatujahamishiwa barabarani, wanadhani tulikuwa wavuvi tu. Si kweli. Kila nyumba ilikuwa na kazi yake. Upande wa juu alikaa mhunzi, ambaye baba zake walichimba chuma mlimani, lakini yeye alifua majembe na tezo kutoka vyuma vya malori yaliyokufa kwenye njia ya Uvira, na alikasirika ukimkumbusha. Wanawake wa ukoo mmoja walifinyanga vyungu na hawakukubali mwingine aguse udongo wao. Walikuwapo wasuka mikeka, wafunga nyavu, na sisi wa mafuta ya mawese. Ukiangalia vizuri, kazi zote hizo zilipita mikononi mwa Fundi. Vyungu vilikwenda Ubwari, ng'ambo ya ghuba, kwa mtumbwi, ndagala, dagaa wa ziwa letu, walivuliwa kwa mtumbwi, na mafuta yetu yalikanyagwa ndani ya mtumbwi.

Hili la mafuta nilieleze. Mtumbwi ukizeeka, tumbo likipasuka, hautupwi. Unapandishwa nchi kavu, ufa unazibwa, ngazi, matunda ya michikichi, zikishachemshwa zinamiminwa ndani, na mtu anaingia kuzikanyaga kwa miguu mpaka mafuta yatoke. Mtumbwi wa namna hiyo ulikuwa uani kwetu, na mkanyagaji mara nyingi nilikuwa mimi, kwa kuwa mume wangu alikuwa na ugonjwa wa mgongo uliomjia kila msimu wa ngazi na kumwacha msimu ulipokwisha. Nilitoka humo na miguu myekundu mpaka magotini. Rangi ile haitoki kwa sabuni wala kwa mchanga, nami nilikwenda nayo kanisani hivyo hivyo. Jumapili moja Fundi alinitazama nikipita, akasema bila hata kutabasamu, "Mama Furaha, leo umevaa soksi ya madamu." Wanawake wote wa njiani walicheka, na jina la Mama Soksi likanikaa mpaka mvua za mwaka ule. Nilimchukia kidogo.

Lakini mtumbwi ule wa mafuta aliupenda kuliko yote. Alikuja asubuhi, akaupapasa ubavuni, akaugonga kwa kidole, akauliza kama unavuja. Mimi nilidhani anaumia kuona kazi yake imeishia kwenye ngazi, nikampa pole.

"Pole ya nini?" alisema. "Sasa njo iko vizuri. Mu mafuta hakuna mutu anakufa."

Hapo nilielewa kidogo habari ya kibuyu. Mtu huyu alikuwa anachonga kitu ambacho alikiogopa. Kila mtumbwi uliposhushwa majini yeye alisimama mbali, kwenye majani, akautazama mpaka ukakaa sawa, kisha akaondoka bila kungoja pombe. Wengine walisema kaka yake alizama. Wengine walisema si kaka, ni rafiki. Yeye mwenyewe hakusema kitu, na safari za kwenda soko la Baraka alizikata kwa miguu, jasho likimtoka, huku wenzake wakimpita majini wakimpungia mikono.

Kwa kazi alikuwa mgumu. Ukimwomba mtumbwi, alipanda mlimani kutafuta mvule, akauzunguka mti, akaugonga kwa kisogo cha shoka, akaweka sikio, akarudi nyumbani na neno moja: "Bado." Mvua ikaja ikaenda, neno likawa lile lile. Wateja waligomba. Yeye aliwaambia shoka ziko kwa mhunzi, waende wakachonge wenyewe, na hakuna aliyekwenda. Siku mti ulipompendeza, aliuangusha, akauchonga nje, akautoboa tumbo kidogo kuupunguza uzito, na kazi ya kumalizia akaiacha ifanyikie ufukweni. Kwa hiyo gogo lililochongwa nusu lilipaswa kuteremshwa kutoka juu mlimani mpaka ziwani, kwa kamba na kwa mikono ya watu. Hiyo ndiyo iliyoitwa siku ya kuvuta.

Siku ya kuvuta ilikuwa na sheria moja: mtu asishike kamba akiwa na neno tumboni. Mwenye kinyongo na jirani, mwenye jambo alilomficha mwenzake, mkono wake ulihesabiwa kuwa unazuia badala ya kuvuta. Kwa hiyo gogo likikwama, watu hawakuangalia kwanza mawe. Waliachia kamba, wakakaa chini, na Fundi akapanda juu ya gogo. Mtu yule asiyesema alikuwa siku hiyo na sauti ya kufika mbali.

"Nani iko na neno mu tumbo?"

Kisha kimya, mpaka mtu aseme. Sisi wanawake kamba hatukuishika, tulipika pembeni ya njia, na kwa sababu hiyo tulisikia yote. Mmoja alisimama akasema ni yeye aliyehamisha mitego ya shemeji yake. Mwingine, kijana mwenye mke mpya, alisema amekuwa akitangaza kwamba sombe ya mama mkwe wake, ile mboga ya majani ya mihogo, ina mchanga. Mama mkwe huyo alikuwa ameinama karibu yangu, anaikoroga sombe yenyewe. Alisema taratibu, bila kuinua kichwa, "Leo utaikula na muchanga yake." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, wakarudi kwenye kamba, na gogo likaenda. Nililiona likienda. Mume wangu alisema ni kwa vile watu walikuwa wamepumzika. Labda. Lakini hata yeye alisimama siku moja akasema neno lake, na aliposhuka nyumbani mgongo wake ulikuwa umepona.

Kitu kimoja hatukukifikiria hata siku moja. Aliyeuliza alikuwa Fundi, na kamba hakuishika. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza yeye.

Fundi alikuwa na mtoto mmoja aliyebaki hai, binti aliyeitwa Mapendo. Alikuwa msichana wa maneno na wa mbio, aliyempelekea baba yake chakula mlimani na kumgombeza akikiacha kipoe. Mbele ya baba yake, yeye tu ndiye aliyeweza kucheka habari ya kibuyu. Alitoka ziwani amelowa, akamkung'utia maji ya nywele zake, na mzee akaruka pembeni akilalamika, uso umejaa furaha. Nilipenda kuwaona. Kwangu mimi, niliyelelewa na baba wa kuogopwa, ilikuwa kama kutazama nyumba ya watu wengine kupitia mlango uliosahauliwa wazi.

Kijana wa Ubwari alikuja kununua vyungu, akarudi kununua vyungu, na aliporudi tena wafinyanzi wenyewe walimuuliza kwao wanavila vyungu au wanapikia. Ikajulikana alimfuata Mapendo. Watu wake walikuja, wakapokelewa, mambo yakakubaliwa. Likabaki jambo la mtumbwi.

Kwetu, binti akiolewa ng'ambo ya maji, baba yake anampa mtumbwi wa kurudia. Mtumbwi huo si wa mume na hauvuliwi samaki bila ruhusa ya mke. Kazi yake ni kwamba siku mke akiumwa na hamu ya kwao, au akipigwa, au akisikia msiba, anao mlango wake wa kutokea, na hamwombi mtu. Kwao kijana kulikuwa kule nchani mwa Ubwari, penye mawe, ambako njia ya miguu inakufa kabla ya kufika. Mke asiye na mtumbwi kule anakuja kwao siku watu wa mume wanapotaka.

Fundi akaanza kutafuta mti. Alisema bado mwezi baada ya mwezi, hata watu wakamtania kwamba anatafuta mvule wa Ulaya. Mwishowe aliuangusha, na siku ya kuvuta ikafika. Gogo liliteremka vizuri mpaka kwenye kona ya kijito, pale juu ya mihogo ya zamani, likakaa. Watu walivuta mpaka kamba ikalia. Wakaachia, wakakaa, na Fundi akapanda juu.

"Nani iko na neno mu tumbo?"

Walisema. Walisema mambo ambayo yangetosha kuteremsha mlima wenyewe. Wakavuta, gogo likabaki palepale. Akauliza tena. Wakatugeukia sisi wanawake wa kupika, jambo ambalo lilikuwa halijapata kutokea, nasi tukasema ya kwetu, ya chumvi na ya wivu. Mapendo alisimama, mikono kiunoni.

"Baba, mi siko na neno," alisema. "Mi niko na haraka."

Watu wakacheka, ila Fundi hakucheka. Jua likashuka nyuma ya mlima, chakula kikapoa, na yeye akateremka kutoka juu ya gogo kwa uzito, goti bovu kwanza. "Bado," alisema. "Tutarudi."

Hatukurudi. Ulikuja msimu wa pamba, na polisi wa shefu wakatusukuma sote mashambani. Baada ya pamba ikaja amri ya kuhamia barabarani, nyumba zipangwe mstari mmoja ili wakubwa watuone vizuri wakipita na gari. Tulibomoa, tukabeba milango na mafiga vichwani. Watu wa Ubwari nao walichoka kungoja. Walisema msichana aje, mtumbwi utafuata. Mapendo akaondoka kwa mashua ya mbao ya mjomba wa mume wake, kijiji kizima kikiwa ufukweni. Fundi hakushuka. Nilikuwapo Mapendo alipokwenda kumuaga nyuma ya nyumba, nikiwa nimembebea mkeka wake. Mzee alikuwa ananoa tezo.

"Baba, uniletee mutumbwi yangu," alisema Mapendo.

"Bado," alisema baba yake, na akaendelea kunoa.

Mambo yalivyokwenda baadaye kila mtu aliyaona. Mama yake Mapendo aliugua kifua na kufa kiangazi kimoja. Habari zilipelekwa Ubwari na wauza vyungu. Mapendo alizipata siku wanaume wote wa kwa mume wake wako kwenye ndagala na taa zao, vyombo vyote viko majini, na hakuna aliyekuwa na cha kumleta. Alifika matanga yamekwisha, mikeka imekunjwa, majivu yamezolewa. Alikaa kaburini na mtoto wake mgongoni. Hakumlaumu baba yake kwa neno lolote, na mimi nilitamani amlaumu. Jioni ile ile mwenye mashua aliyemleta alimwita, akaondoka naye.

Baada ya hapo Fundi alifunga safari ya kwenda Ubwari kwa miguu. Alizunguka ghuba nzima, akapita vijiji ambavyo hakuwahi kuviona, akafika pale njia inapokufa kwenye mawe. Mvuvi mmoja wa pale alimwambia sehemu iliyobaki ni ndogo, aingie atamvusha bure. Fundi alishika ubavu wa mtumbwi, akaugonga kwa kidole, akaweka mguu, akautoa. Alirudi njia yote ile na miguu iliyovimba. Haya tuliyapata kwa mvuvi, aliyekuja Baraka sokoni akiyasimulia kama kichekesho. Waliomjua Fundi hawakucheka.

Kazi zetu nazo zilikwisha, si kwa siku moja. Dukani kukaja sufuria, na wafinyanzi wakabaki na udongo wao ambao hakuna aliyeutaka tena. Mhunzi alikwenda kwenye kambi ya migodi, na vijana wengi wakamfuata. Waliobaki walikuwa watu wa pamba. Mashua za mbao zilitoka kwingine zimeshaundwa tayari, na mtu wa kumwagiza Fundi mtumbwi hakuwepo. Yeye aliendelea kuondoka kila asubuhi na kapu lake akipanda mlimani. Alisema anafuata asali. Sikumwona akirudi na asali, lakini kila mmoja wetu alikuwa amechoka na yake, na mzee akisema anafuata asali, unamwacha aifuate.

Siku niliyomkuta, miaka ile ya pamba ikiwa inaelekea mwisho, nilikuwa nimepanda kwenye mashamba tuliyoyaacha kutafuta mihogo iliyojiotea. Njaa ilikuwa nyumbani. Nilisikia tezo likigonga, nikafuata sauti mpaka kwenye kona ya kijito.

Lile gogo lilikuwa mtumbwi. Alikuwa amelimalizia palepale lilipokwama, nje na ndani, mbavu nyembamba na sawa, pua imeinuka, ndani pamesuguliwa mpaka panang'aa. Nimeona mitumbwi mingi maishani na sijaona mzuri kuliko ule. Ulikuwa umekaa juu ya mlima, katikati ya majani, na chini kabisa ziwa lilionekana, na ng'ambo ya ghuba Ubwari, na moshi wa watu wa kule.

"Fundi, uko unafanya nini huku?"

"Niko namaliza." Hakushangaa kuniona. Alifuta jasho, akautazama mzigo wangu wa mihogo. "Mama Furaha, weka mihogo chini. Panda hapa juu, uniulize."

"Nikuulize nini?"

"Ile tunaulizaka."

Alikuwa ameshachukua kamba, kamba mpya aliyoisokota mwenyewe, na kusimama nayo mbele. Ndipo nikaelewa. Nilipanda, miguu yangu myekundu juu ya mti ule uliosuguliwa, nikaona haya. Sauti ilinitoka ndogo.

"Nani iko na neno mu tumbo?"

"Ni mi," alisema Fundi. Alitazama chini. "Siku ile nilikuwa na neno. Sikupenda Mapendo aende mu mayi. Niliwaza, mutumbwi ikikosa, ndoa itakosa. Batu yote banasema yao, hata bamama banasema, mi niko nasimama juu naulizia bengine. Mi njo nilimufungia njia."

Nilimhurumia na nilimkasirikia kwa pamoja, nikimfikiria yule msichana kaburini na mtoto mgongoni. Yeye aligeuka, akaweka kamba begani, akavuta. Niliteremka nikaishika nyuma yake, mimi mwanamke, na hakunikataza. Tulivuta sana. Mtumbwi haukusogea hata kidogo. Ulitaka kijiji kizima, na kijiji kilikuwa chini kwenye mstari wake barabarani, na mahali njia ya kuvutia ilipopita zamani kulikuwa kumepandwa pamba, ambayo mtu akiiponda anapelekwa gerezani.

Fundi aliachia kamba. "Neno imetoka," alisema akihema. "Sasa inabakia batu."

"Batu haiko, Fundi."

"Najua."

Alikaa kwenye ubavu wa mtumbwi, akaupapasa, akaugonga kwa kidole. Baadaye akasema, bila kunitazama, "Mi sitakaa sana. Mapendo akikuya, umwambie mutumbwi yake iko hapa. Imekwisha. Ni yake."

Nilikuwa nimechoka, watoto walikuwa na njaa, jua lilikuwa linashuka, na mdomo wangu ukatangulia.

"Atakuya na nini?"

Aliangalia ng'ambo, kwenye moshi. Kisha akafunga tezo kwenye kitambaa, akanisaidia kujitwika mihogo, tukateremka, yeye mbele, kwa sababu njia ilikuwa imeota majani na ni yeye tu aliyejua ilikopita.